Abiria Aliyezaliwa 1889

Jumatatu, 12 Mei

Nimekuwa bibi! Msichana, kilo tatu na robo, jana asubuhi. Ladina, binti yangu, amepiga simu kutoka Slovenia. Akalia, nami nikalia, na mumewe Tilen akasikika akilia nyuma yake. Kisha akasema niende Ijumaa, chakula cha mchana. Mama Zdenka naye atakuja. Tutamwona mtoto pamoja.

Pamoja!

Zdenka ni mama yake Tilen. Kwao hadi kwa watoto ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Siku ya harusi alicheza na kila mtu mpaka mpishi, kisha akaionja keki yangu ya lozi na kusema ni "biskuti nzuri." Biskuti! Mwanamke yule hatamshika mjukuu wangu kabla yangu.

Mimi nina ndege. Nusu ya ndege. Nusu nyingine ni ya Curdin, anayetunza uwanja wetu wa ndege wa majani hapa bondeni Uswisi, kazi ambayo hasa ni kufukuza ng'ombe. Kwa ndege ni saa mbili na nusu tu. Nikiruka mapema, saa nne asubuhi niko kule, mtoto mikononi, na Zdenka bado yuko nyuma ya lori.

Nimeshinda nikiota. Nimechemsha yai mpaka maji yakakauka.

Jumanne, 13 Mei

Zawadi imepatikana. Nimepanda darini nikakikuta kitanda cha kubembea, kimefunikwa shuka. Mbao za msonobari, maua mekundu yaliyochorwa ubavuni, yamefifia kama yanaonekana kupitia maziwa. Bibi yangu Ursina alilala humo. Mama alilala humo. Mimi, kisha Ladina. Nikakisukuma kidogo kwa kidole. Kikabembea chenyewe kwa muda mrefu, vumbi likielea kwenye jua, na nikasikia mtu anapumua polepole. Ni mimi. Nilikuwa nimesinzia nikiwa nimesimama.

Zdenka ataleta nini? Soksi.

Kimeenea kwenye kiti cha nyuma cha ndege, na nimekifunga mkanda. Curdin alikuja akachungulia, akauliza karatasi zake ziko wapi. Nikasema ni kitanda, hakijasoma. Hakucheka. Akasema, "Mengia dada yangu, usichanganye mambo. Pasipoti hawakuulizi, mipaka ya watu tumeungana nao. Forodha hatujaungana. Wewe utapita kama upepo, ila kitanda lazima ukitangaze."

Nikamwambia ni cha familia, kina zaidi ya miaka mia. Akasema basi andika hivyo hivyo, andika ukweli, na utume siku moja kabla. Curdin anapenda sana ukweli. Hana cha kuficha, maskini.

Nimewaza njia nzima hadi nyumbani. Mtu haulizwi. Kitanda kinaulizwa. Mbona dawa iko wazi!

Jumatano, 14 Mei

Taarifa imetumwa kwenye uwanja wao wenye forodha. Dakika nane tu.

Rubani: Mengia Caflisch. Bidhaa za kutangaza: hakuna. Abiria: mmoja. Jina la abiria: Ursina Caflisch. Uraia: Uswisi. Tarehe ya kuzaliwa: hapo nikasita. Uongo siupendi. Nikaandika ya kweli, 3 Machi 1889.

Nani anasoma fomu? Nimefanya kazi posta miaka thelathini na minane. Najua.

Ladina amepiga simu tena. Mtoto hataki kulala kwenye kitu chochote, analala kifuani kwa mtu tu. Nikatabasamu peke yangu jikoni kama mwizi.

Ijumaa, 16 Mei, asubuhi

Naandika nikiwa kwenye benchi la ofisi ya forodha. Nitaeleza.

Safari ilikuwa ndoto. Milima chini yangu kama shuka ambazo hakuna aliyezikunja, theluji kwenye mikunjo, ziwa moja la kijani limelala bila kupepesa. Mawingu yakanipokea yakaniachia. Mahali fulani juu ya Austria nilianza kumwimbia kitanda. Nikageuka kumwangalia. Ametulia. Abiria bora kuliko wote niliowahi kubeba.

Nikatua saa nne kasorobo. Nikazima injini. Na pale, pembeni ya lami, amesimama afisa mwembamba mwenye masharubu, jina lake Bwana Vouk. Mbele yake kuna kiti cha magurudumu. Juu ya kiti, blanketi limekunjwa vizuri.

Wamesoma fomu!

Alikuwa amechukulia ule mwaka ni makosa ya kuandika. Alidhani ni 1939. Akanipa mkono, akanipongeza kwa kuja na mama, kisha akachungulia ndani kumsaidia kushuka.

Akachungulia tena.

Akauliza Bibi Ursina yuko wapi. Nikasema, kwa namna fulani, yupo. Akauliza namna gani. Nikaonyesha kitanda. Akakitazama kitanda, akanitazama mimi, akaniambia kwa upole kwamba abiria mmoja ameandikwa, abiria hayupo, na kati ya Uswisi na hapa kuna nchi nzima. Nimemshusha wapi?

Nikasema sikumshusha popote. Masharubu yakatetemeka. Akampigia simu Curdin, uwanjani kwetu. Curdin, mpenda ukweli, akamjibu, "Ursina Caflisch? Huyo alikufa mwaka hamsini na nane, Bwana. Nilikuwa mdogo, lakini kwenye mazishi nilikuwepo."

Sasa kuna maafisa watatu. Mmoja ana ramani. Wamepiga mstari wa safari yangu, na yule mwenye ramani anazungushia duara maziwa yote.

Bado naweza kuwahi.

Ijumaa, mchana

Sikuwahi.

Nimekaa saa mbili na nusu kwenye benchi lile. Wamenipa chai. Dirishani, ile soksi ndefu ya kitambaa inayoonyesha upepo ilikuwa inajaa, inalegea, inajaa, kama kifua cha mtu aliyelala. Nimeona ndege ndogo mbili zikishuka na watu wao wakitoka nje, wakicheka, wakienda zao bila kuulizwa hata majina. Watu halisi wana bahati.

Bwana Vouk akauliza kama kuna mtu hapa nchini anayenifahamu. Nikampa namba ya Ladina. Kisha nikafumba macho, nikaomba aje Tilen.

Akaja Zdenka.

Alikuwa amevaa aproni bado, na kwa watoto alikuwa amefika saa nne na dakika tano. Alitoka kwake saa moja asubuhi. Yaani naye alikuwa na mpango! Akaingia kama radi, akaweka bakuli la supu mapajani mwangu, akaniambia kwa Kijerumani chake cha kuokoteza, "Kula kwanza, mkwe wangu. Umepauka kama jibini." Halafu akamgeukia Bwana Vouk. Kislovenia sikijui, lakini nilielewa yote. Yule afisa akapungua kimo. Mwisho Zdenka akakipigapiga kitanda, akamwonyesha pale pembeni palipoliwa na meno ya watoto wanne, akaacha kufoka.

Afisa akainama. Akapitisha kidole kwenye alama za meno. Akaniambia kuwa ningeandika "kitanda cha kale cha familia, zawadi kwa mjukuu," ingekuwa karatasi moja na dakika kumi. Tukaijaza. Akanipa onyo la maandishi na akasema fomu si mahali pa kuwafufua wazee.

Garini nikamuuliza Zdenka, kana kwamba sijali, ameshamshika mtoto?

"Nimemshika," akasema. "Saa mbili nzima." Akakata kona. "Amelia saa mbili nzima. Halafu akanikojolea."

Nikatazama nje ili asione uso wangu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemshika. Sitaandika, maana sina maneno. Ana harufu ya mkate.

Tukamweka kitandani. Akakunja uso. Zdenka akapiga magoti upande mmoja, mimi upande mwingine, magoti yetu yakalia kama milango, tukaanza kubembeza bila kusemezana. Mtoto akafumbua mdomo kulia, akasahau, akalala. Ladina akakaa sakafuni akalala pale pale ameegemea ukuta, siku ya sita bila usingizi. Tukaendelea. Jua likahama kutoka kwenye meza hadi kwenye zulia. Sijui tulikaa muda gani. Zdenka akanong'ona kwamba keki yangu ya harusini aliipenda sana. Siku ile, kwa vitu vitamu, neno "biskuti" ndilo pekee alilolijua kwa Kijerumani.

Nikamwambia nilikuwa nimesahau kabisa.

(Mimi ndiye niliyebembeza kwa nguvu zaidi. Iandikwe.)

Jumapili, 18 Mei

Narudi kesho. Zdenka ameniletea zawadi ya safari: paja zima la nguruwe la kukaushwa, alilokausha mwenyewe. Limefungwa kitambaa cheupe. Kilo nne kamili. Nimelikumbatia.

Nimempigia Curdin asubuhi kumwomba afukuze ng'ombe. Akauliza nabeba nini. Nikamwambia. Akaguna, akasema kuingia kwetu nyama ni kilo moja kwa kila mtu, ya ziada itangaze. Akarudia mara mbili, taratibu, kama anaongea na mbuzi: itangaze, Mengia. Andika ukweli. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtu mzima hafundishwi mara mbili.

Kisha nikakaa kibarazani na kalamu, fomu mpya gotini, kichwa kinaelea kwa jua na harufu ya nyama ile. Kilo moja kwa kila mtu. Kilo nne. Ndege ina viti vinne, mimi nakalia kimoja.

Abiria wawili nimeshawapata: Barbla na Gieri. Natafuta jina la wa tatu, na safari hii wote watakuwa vijana.