Ushauri Wangu kwa Fundi Viatu

Jumamosi, 8 Machi

Kundi letu la wapiga picha limekutana nyuma ya duka la vitabu, katikati ya maboksi ya madaftari. Mwenyekiti, Mwalimu Mstaafu, alikuwa na habari kubwa. Zahanati itatundika picha yetu moja kwenye chumba cha kusubiri, mwaka mzima! Kura Jumamosi ijayo.

Lazima iwe yangu. Mama mkwe huenda pale kila mwezi kupimwa presha. Tangu harusi ya shemeji, nilipokata vichwa vya watu pichani (wachache tu, na bibi harusi), hataki kamera yangu imwelekee. Nataka akae chini ya picha yangu miezi kumi na miwili, aitazame, anyamaze.

Kisha maoni. Utaratibu wa Mwalimu: mnapangwa wawili wawili, unamwambia mwenzako mazuri mawili na la kurekebisha moja. Anayeambiwa hujibu asante, basi. Nikapangwa na Fundi Viatu. Hana hata kamera, ana simu yenye kioo kilichopasuka. Akaitazama picha yangu ya tangi la maji, akasifu mawingu, akasifu tangi, kisha akasema kwa upole, ila kaka, pale kwenye kona kuna kidole.

Si kidole! Ni kivuli. Nimekikagua nyumbani kwa miwani. Kina kucha, lakini vivuli vya jioni vina mambo yake.

Nilijibu asante. Halafu nikajieleza kwa dakika ishirini na tano. Mimi kutwa niko dirisha la malalamiko, idara ya maji. Sikujiunga na kundi ili nipokee mengine.

Jumapili, 9 Machi

Jana zamu yangu ya kumpa Fundi maoni ilipofika, nilisingizia kichwa kinauma. Sababu ni picha yake. Ni mama mkwe! Amekaa kwenye kigoda cha Fundi akisubiri kiatu kishonwe, anacheka, mguu mmoja umevaa, mwingine peku umepandishwa juu ya mwenzake. Nyuma yake viatu vya kila rangi. Nzuri mpaka inaudhi.

Nimemuuliza mke wangu kwa nini mama amekubali kupigwa picha na yule. Akasema yule aliomba kwa adabu. Kana kwamba mimi sijawahi kuomba! Nimeomba mara nne, kupitia dirisha la jikoni.

Jumatano, 12 Machi

Dawa ya moto ni moto. Fundi ni mtu wa kusikiliza. Ukimwambia atembee kwa mikono, atauliza aanze na upi. Saa ya chakula nikaenda kibandani kwake kumpa maoni niliyodaiwa tangu siku ya kichwa.

Nikamsifu mawili, kwa shida. La kurekebisha: akate kichwa. Akate na kiwiliwili. Abakize miguu tu, na rangi aziondoe zote. Akauliza kwa wasiwasi, kichwa chote? Nikamwambia sanaa ndivyo ilivyo. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema hakuna mtu aliyewahi kumpa muda wake namna hii. Akaning'arishia na viatu.

Niliona aibu kidogo. Ikanitoka nilipofika njia panda.

Ijumaa, 14 Machi

Sikuweza kuvumilia, nikamsimulia mke wangu mpango wote. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hajui mambo ya mashindano. Akasema pia kwamba kona ile ikikatwa, kidole kitatoka na picha itabaki salama. Mkasi ulikuwa pale pale mezani! Nimemuuliza yuko upande wa nani. Kisha nikaenda kuichapisha upya, kubwa mara mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Balaa.

Fundi kafuata kila neno. Picha yake ilikuwa miguu miwili tu, nyeusi na nyeupe, mmoja kwenye kiatu chenye kiraka, mwingine peku, kila ufa wa kisigino unaonekana. Muuza Dawa, ambaye hajawahi kusifu hata picha zake mwenyewe, alifuta macho. Kura kumi na moja dhidi ya moja. Ile moja niliipiga mimi, kwa tangi.

Mama mkwe alikuwepo, Fundi kamwalika. Fundi akasimama akatangaza kwamba shukrani zote ni zangu, mimi ndiye niliyemwonyesha. Mama akaikaribia picha, akakaa nayo muda mrefu. Akasema miguu hiyo imelea watoto saba, imetembea visimani na makaburini, na hakuna aliyewahi kuitazama ila yeye akiiosha. Akanigeukia mbele ya watu wote. Akasema, mwanangu, nilikudharau, nisamehe, kumbe una jicho.

Machozi yalinilenga. Miaka tisa nimelingoja neno hilo! Nilitakiwa kusema asante, nikae.

Lakini watu wakaanza kumpigia Fundi makofi. Nikashindwa. Haki ni haki. Nikasimama nikaeleza kinagaubaga kwamba ushauri ule niliutoa kwa makusudi, ili picha iharibike, kwa hiyo uzuri wake ni ajali tu, na kura zirudiwe.

Mama mkwe akachukua mkoba wake akaondoka.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu hasemi nami. Chai nimejipikia. Mama mkwe ametuma ujumbe nisikanyage kwake mpaka nilijue kosa langu.

Nimelitafuta asubuhi nzima, kwa moyo mweupe, na nimelipata. Nilieleza haraka mno. Watu hawakunielewa! Sasa nimeandika maelezo kamili, kurasa nane, nampelekea mama mchana huu huu. Nakala moja nimemtengea Fundi, asije akajiona amesahauliwa.