Fulana Yangu Chini ya Mto

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kliniki na mke wangu Minza. Mimba wiki ya nane. Ya mwaka jana ilitoka wiki ya kumi, kwa hiyo chakula hakinipiti. Nesi Amne kasema kinga ya mama haimfukuzi mgeni aliye tumboni. Askari wake, yaani chembe za kinga, wanapelekeana ujumbe, wanalisaidia kondo la mtoto kushika mizizi, wanapanua mishipa ya damu. Tena wanalitambua, maana nusu ya asili yake ni ya baba. Nusu yangu! Na mama mkwe, Kabula, aliyetoka kijijini kwao Choma kuja kutulindia mimba, anasema damu yangu ndiyo mbovu. Nikauliza kama askari hao watanijua kwa harufu. Nesi kanitazama, kaita mgonjwa mwingine. Hakukataa!

Jumanne, 15 Julai
Fulana niliyovaa wiki nzima porini nikirina asali, haijaonja sabuni, nimeichomeka chini ya mto wa Minza. Askari wanizoee mapema. Minza kauliza nani kafia humu. Katapika mara tatu. Nimemwambia ndiyo mimba hiyo.

Jumatano, 16 Julai
Balaa! Sisimizi wamefuata asali hadi kitandani. Minza kaamka na mayowe. Mama mkwe kaingia mbio, kaikamata fulana akidhani tambara. Kumbe nguo ya mwilini ya mkwewe! Kaitupa jikoni, motoni, kanawa kwa majivu kuondoa mwiko. Nami chooni, nimejificha hadi chai. Kanitumia ujumbe kupitia Minza kwamba mkwe wa aina yangu kwao hufungwa zizini na ndama. Nimejibu, kupitia Minza huyohuyo, shikamoo mama.

Alhamisi, 17 Julai
Minza kaona matone ya damu. Mama mkwe kajifunga kanga bila kunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mbio kliniki, wote watatu. Kipimo cha picha. Moyo unadunda! Nesi, nilipomnong'oneza habari ya fulana, kasema mimba imekaa vizuri, na askari wa Minza hawahitaji msaada wangu. Nimelia mbele za watu. Mama mkwe naye kalia, kanipa kanga yake nifute makamasi. Nimeapa: sibuni kitu tena maishani.

Ijumaa, 18 Julai
Nimewaza. Fulana ilikaa usiku mmoja tu, na moyo unadunda. Ingekaa wiki je? Fulana imeungua, lakini kanga ina makamasi yangu na haijafuliwa. Ipo chini ya mto. Mama mkwe anaitafuta tangu asubuhi. Namsaidia kutafuta.