Kaizari Aliyenifia Masaka

Jumatano, 5 Machi
Rwanda nzima hakuna anayewajua makaizari wa Roma kama mimi, Ngabo. Hata mama zao hawakuwajua hivi! Shule niliiacha sekondari mwaka wa pili, akili sikuiacha. Mama Ihirwe, mwenye ukumbi wa video hapa Masaka, anatafuta mtu wa agasobanuye: filamu inaongea lugha yake, wewe unawasimulia watu juu yake kwa maikrofoni. Jumamosi anatujaribu, mimi na Audace, aliyekulia Bujumbura na kuvimba kichwa kwa Kifaransa. Filamu ni maisha ya kaizari, kwa Kifaransa. Changu kinaishia bonjour. Kwani shida iko wapi?

Ijumaa, 7 Machi
Nimeangalia nusu saa. Yampaye inka! Farasi wa kaizari analala nyumba ya marumaru! Mimi nalala na ndoo chini ya paa linalovuja. Na kila mara anaingia mzee mwenye tai shingoni, anaongea, anatoka. Nimeshamjua: shemeji, anadai urithi. Audace kaniuliza kama nimefika mwisho. Nikamwambia wa nini? Stelingi, mwenye filamu yake, hafi, hata mtoto anajua.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi umejaa. Mbele, Cassien, mlinzi wa jumba moja Nyarutarama, na walinzi wenzake. Nikawapamba: oneni walinzi wa kaizari, waaminifu kama nyinyi! Makofi. Nikaapa kwamba huyu akifa, maikrofoni apewe Audace.

Mara walinzi hao hao wakachomoa visu. Wakamchoma bosi wao! Mana we! Nikasema huyo ni pacha wake. Kisha wakamtoa mzee mwingine nyuma ya pazia, wakampigia saluti. Nikapaza sauti: huyo hapo, yuko hai, kazeeka kwa mshtuko! Shangwe. Mzee akala uyoga. Naye akafa!

Cassien akasimama, akasema we kijana umetuaibisha walinzi wote, hata bosi mchoyo hachomwi. Mama Ihirwe akasema mwanangu, weka hicho kitu chini. Audace akaisimulia upya filamu yote. Kumbe yule shemeji mwenye tai ni mwalimu wa chuo, anatueleza historia. Mwalimu!

Jumapili, 9 Machi
Maikrofoni anayo Audace. Mimi nimepewa ufagio. Kosa langu ni moja tu, nakiri hapa: sikuangalia hadi mwisho.

Mama Ihirwe ana filamu nyingine, ya kaizari mpiga kinubi. Nimembembeleza, kakubali nijaribu. Nimeangalia robo saa. Mpole, anapenda nyimbo. Huyu atafia kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka. Naapa.