Kiingereza Safi cha Fundi Hénock

Jumatatu, 7 Agosti 2017

Baridi kali hapa mtaani La Rochelle, Johannesburg. Nimebadilisha zipu tisa. Vidole vimekufa ganzi. Moyo nao haujatulia tangu jana kanisani. Papa Pasteur Marcellin, mchungaji wetu, anatafuta mkalimani wa kudumu. Yeye huhubiri Kiswahili. Mkalimani husimama kando yake na kurudia kila sentensi kwa Kiingereza, kwa ajili ya watoto waliozaliwa hapa. Jumapili ijayo atajaribiwa Otieno, Mkenya wa benki. Kwa nini Otieno? Mimi nina miaka kumi na sita Johannesburg!

Tena nina sababu. Binti yangu Murielle ana miaka kumi na minne. Nikimsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza huku macho yakiwa kwenye simu. Inaniuma sana. Nikisimama mimbarini atanisikiliza saa nzima, apende asipende.

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu. Nimekwenda Doornfontein kununua nyuzi, nimerudi na hazina! Mzee mmoja karibu na robot, taa za barabarani, aliniuzia boksi zima la vitabu vikuukuu. Hadithi za wavulana wa Kiingereza katika shule za bweni, enzi za babu zao. Wanaiba keki, wanachapwa bakora, wanasema “I say!” kabla ya kila jambo. Baba ni “pater” au “governor”. Aliyefurahi ni “bucked”. Mtu mbaya ni “rotter”. Karamu ni “ripping feed”. Ajabu! Miaka yote hii sijamsikia mtu hata mmoja mjini akisema hivyo. Maana yake hapa hakuna anayejua Kiingereza. Otieno ana Kiingereza cha benki tu. Mimi ninacho cha wenyewe.

Ijumaa, 11 Agosti

Otieno amekuja kupima koti lake la suti, la kuvaa Jumapili. Mungu amemleta mikononi mwangu. Mkalimani lazima aige kila ishara ya mhubiri: akiinua mikono, naye ainue, akiruka, naye aruke. Nimebana makwapa ya koti inchi mbili. Alijitazama kwenye kioo mikono ikiwa chini, kama wanaume wote, akanisifu. Mke wangu Léocadie aliona. Amesema ni dhambi. Nimemwambia ni fasheni.

Jumapili, 13 Agosti

Siku yangu! Mahubiri yalikuwa ya mwana mpotevu. Papa Pasteur aliinua mikono mbinguni. Otieno akainua viganja mpaka kwenye mkanda. Papa Pasteur akainua tena. Otieno akatoa jasho. Watu wakanong’ona kwamba huyu hana upako. Nilikuwa nimeshasimama mimbarini kabla sijaitwa.

Katika mahubiri, kijana akarudi nyumbani na kuungama. Nikatamka: “I say, Pater, I’ve been a frightful ass!” Baba akamkumbatia na kuagiza ndama achinjwe. Nikanguruma: “Buck up, old chap! Let’s have a ripping feed!” Upande wa watu wazima, wasiojua Kiingereza, kinamama walikuwa wanalia machozi ya toba. Upande wa vijana walikuwa wanalia pia, wameinamiana, mabega yanatikisika, simu zote juu. Wananirekodi! Murielle alifunika uso kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa anaomba.

Jumatatu, 14 Agosti

Eish. Video imefika mpaka kwetu Lubumbashi. Papa Pasteur ameniita. Amesema kwa upole kwamba Otieno ndiye atakayetafsiri, na mimi nitapanga viti. Nimemweleza kwamba kosa ni la spika. Otieno naye amepita kuomba nimlegezee koti. Anadhani amenenepa, ameanza kukimbia kila asubuhi. Mtu mwema, lakini hana macho.

Jumanne, 15 Agosti

Jioni Murielle amekuja na kiti chake, ameketi kando ya cherehani. Amechomoa nyaya masikioni. Kisha ameniuliza kwa Kiswahili! Cha kuokoteza, kimevunjika, lakini Kiswahili. Baba wa yule mwana mpotevu alisema nini hasa? Kinamama walikuwa wanalia na yeye hakuelewa kwa nini. Amesema nimweleze kwa Kiswahili, polepole, naye atajitahidi.

Nilisahau kukanyaga pedali. Hajawahi kuniomba kitu kama hicho tangu azaliwe. Nilikaribia kulia mbele yake.

Lakini nilifikiri haraka. Nikimjibu kwa Kiswahili, atajua kwamba nimeshindwa. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasema: “Well, old girl, the governor was most awfully bucked, don’t you know!”

Murielle akasema sharp, Papa, yaani sawa. Akachukua kiti chake, akarudisha nyaya masikioni, akaingia chumbani.

Maskini mtoto. Kiingereza changu kimemzidi. Kesho namwanzishia kitabu cha kwanza, ukurasa wa kwanza.