Katibu wa Mama Soraya

Faradji alikuwa amesimama kwenye kibanda cha kuchaji simu sokoni Kasongo, hana shughuli yoyote ya halali, alipomwona Mama Soraya akihangaika na simu yake. Mama huyo hupeleka samaki wa Nyangwe na vitenge hadi Salamabila kwa pikipiki, na wateja wake wote humpata kwa ujumbe. Na ujumbe wa watu wa kwetu si mchezo. Mtu anayetaka kujua bei ya samaki mmoja ataanza na hali yako, watoto, wakwe na mguu wa shangazi uliovimba, ndipo amfikie samaki. Mama akijibu mmoja, wanaingia watano.

Faradji alijua pia, na hili ndilo lililomtoa udenda, kwamba wachimbaji wa Salamabila wakati mwingine humtumia Mama dhahabu awauzie na kumwarifu kwa njia hiyo hiyo. Atakayesoma habari kabla yake atafika kabla yake.

"Mama, hii kazi iko inakumaliza," alisema kwa sauti ya daktari. "Niko na programu, jina yake Katibu. Inakaa ndani ya telefone, inajibu kila mutu."

"Inakula?"

"Inakula mega za intaneti tu, Mama."

"Na ikimujibu mutu vibaya?"

"Haiwezi. Ilisoma kupita mie na wewe."

Programu yenyewe haikuwepo, msomaji wangu, wala haijazaliwa hadi leo. Faradji aliishika simu ya Mama dakika mbili, akaiunganisha na yake, na kila ujumbe wa Mama ukawa unaingia kwake pia. Katibu alikuwa yeye mwenyewe. Angejibu siku mbili tatu, dhahabu itajwe, kisha kwaheri Kasongo.

Siku ya kwanza alijibu watu mia moja na kumi. Siku ya pili alipatanisha mume na mke wa kijiji cha Wamaza waliogombania mbuzi. Kila alipotaka kuacha, simu ililia: "Mama Soraya, ile mali ya manjano iko karibu kutoka." Mara mvua imezuia, mara daraja limekatika, mara kesho. Wiki ya tatu vidole vilikuwa vimevimba, na alijua majina ya watoto wote wa Kabambare, wakiwemo wawili ambao hawajazaliwa. Mama naye alikuwa ananenepa. Alishinda barazani akisukwa nywele na kusifu teknolojia. Faradji alimchukia kwa moyo wote.

Hatimaye ukaja ujumbe: "Mali imefika Wamaza kwa Dorothée, muuza mandazi. Atakayekuja aseme ametumwa na Mama Soraya."

Faradji alikodi pikipiki, akaanguka kwenye matope mara nne, akafika na udongo hadi masikioni. Dorothée alimpa kifurushi kilichofungwa kwa kitenge, akarudi kwenye mandazi yake. Alikifungulia nyuma ya nyumba.

Ndani mlikuwa na simu mpya, imejaa chaji, na karatasi:

"Katibu wangu, Ijumaa ya kwanza ulimujibu muteja wangu Hadji Iliasi: samahani, nilikuwa kwenye swala. Mie siku ile nilikuwa nasukwa. Nikajiuliza, programu gani inatawadha? Ile habari ya mali ya manjano ni mie nilikuwa naandika, kwa namba ya dada yangu. Usikasirike, mwanangu. Unajibu vizuri kupita mie, watu wananisifu. Hii telefone ni ya dada yangu Rehema, anauza mawese, naye amechoka kujibu watu; umujibie na yeye. Usifikiri kukimbia. Wachimbaji wakisikia ulikuwa unangojea dhahabu yao, wako na pikipiki mingi."

Faradji alisoma mara mbili. Alitukana, akapiga teke ukuta, kisha machozi ya kweli yakamtoka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafanya kazi vizuri.

Simu mpya ikalia. Mtu wa Kabambare alikuwa anauliza hali ya Rehema, ya mumewe, na kama jino limepoa.

Faradji akakaa chini kwenye jiwe, akajifuta tope kwenye kidole gumba.

"Tuko salama," akaandika. "Na nyie huko?"