Intavyu ya Duka la Mikate

Jumatatu, 3 Februari

Kampuni yangu ya kushauri wafanyabiashara imepata mteja wa kwanza. Mzee Kinyanjui, mwenye duka la mikate Kimumu. Wateja wanamhama, hajui kwa nini. Mimi pia sijui. Mwaka jana nilikuwa karani wa ghala la mahindi kule Soy. Lakini njia ipo. Natangaza kazi, na wanaokuja kwenye intavyu nawauliza swali la Mzee. Wao wajibu, mimi niandike ripoti. Linah, mke wangu, aliuliza nitaajiri nani. Nikasema hakuna. Alinitazama kidogo, akaendelea kuchambua maharagwe.

Jumatano, 5 Februari

Wamejaa mpaka kwenye ngazi. Elphas, kijana wa tai, alisema duka lipakwe rangi na libadilishwe jina. Nikaandika haraka. Nasike alikataa kujibu. Alisema huwezi kujua shida ya mtu kabla hujakaa naye. Nikamwambia ameanguka. Akashukuru, kisha akauliza kama duka lenyewe ni lile la Kimumu karibu na kanisa. Nikakohoa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeenda kupeleka ripoti ya rangi. Nikamkuta Nasike ameketi na Mzee, wanakunywa chai. Mzee alikuwa akimsimulia habari za marehemu mkewe, Wahu. Kumbe yeye ndiye aliyesimama kaunta, akimuuliza kila mtu watoto wameamkaje. Tangu azikwe, Mzee hupokea pesa bila kuinua macho. Watu wakaona wanamsumbua, wakaenda kwingine. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mzee alijipangusa macho kwa aproni. Nikaficha ripoti ndani ya koti.

Kisha akanishika mkono, akanishukuru kwa kumtuma Nasike. Amemwandika kazi. Nikamwambia, Mzee, kampuni yetu ndivyo inavyofanya.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepita Kimumu. Mzee alikuwa mlangoni, akimuuliza mama mmoja hali ya mguu wake. Nimerudi nikiwaza. Linah anasema nililetewa mtu mzuri mpaka mezani, nikamfukuza. Neno lake nimelitafakari jioni nzima. Lina uzito.

Mteja wa pili hajapatikana. Kesho natangaza kazi tena. Swali la intavyu: kampuni ya ushauri inakosa wateja, shida ni nini? Atakayejibu vizuri kabisa, nitamshukuru.