Filodendroni ya Mama Mkwe

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, ulikuwa umekwisha, majembe yameegemezwa ukutani, na kwenye benchi la Mugeni pale Batsinda chai ya maziwa ndiyo kwanza inamiminwa. Gakwaya, wanayemwita Redio kwa sababu habari hailali tumboni mwake, akainua simu juu.

"Sikieni! Kuna mtu huko ng'ambo amenunua ua la chungu, filodendroni ya pinki, bei ya mbuzi watatu. Miezi sita tu, kijani kama majani ya sombe! Amekimbilia mahakamani."

Benchi zima likacheka, isipokuwa Mutsinzi. Fundi cherehani huyo alikuwa amebana chungu katikati ya magoti, amekifunika kwa koti lake la suti.

"Sindano, toa hilo koti," Mugeni akasema. "Tangu tuache kulima umelikumbatia kama mtoto mchanga."

Mutsinzi akalitoa. Majani mapana, mazuri, kijani tupu.

"Mama Ikirezi aliniachia likiwa pinki," akasema taratibu. "Alienda Kampala kulea mjukuu. Akasema akirudi akute ua liko vizuri, ndipo tuongee mambo ya harusi yangu na Ikirezi. Basi lake limeshaingia stendi ya Nyabugogo."

"Umeliua!" Redio akaruka. "Ulimwagia maji ya sabuni!"

"Ya mvua, bwana! Mimi nakunywa ya bomba, lenyewe linakunywa ya mvua!"

Norman, aliyefanya kazi kwenye kitalu cha maua huko Uganda na kurudi na jina la Dokta, akainama, akapekua majani kama anayetafuta chawa.

"Alikwambia hii iko nini?"

"Pinki Prinsesi."

"Prinsesi wapi, sha! Prinsesi jani lake ni kijani cheusi-cheusi, na pinki inakuja madoadoa, kama mtu amekung'uta brashi. Hili lilikuwaje?"

"Majani ya juu pinki mazima. Ya chini kijani."

"Basi hiyo iko Pinki Kongo. Shambani wanaipa dawa, inatoa majani ya pinki. Dawa ikiisha, kila jani jipya kijani, na yale ya zamani yanafuata. Ungeinywesha hata maziwa ya Mugeni, ingegeuka tu."

Mutsinzi akashika kifua. "Kumbe sina kosa! Ngoja aje, nitamwambia."

Mugeni akatua birika kwa kishindo. "Utamwambia nini? Kwamba aliuziwa rangi? Mama aliyeitangazia kwaya nzima kwamba ana Prinsesi?"

"Lakini ndiyo ukweli, dada."

"Utauoa ukweli, ama utamwoa Ikirezi?"

"Tupige kura!" Redio akasimama. "Kama kwenye mkutano wa umuganda. Wanaosema hii ni Prinsesi na Sindano ndiye ameiharibu?"

Mikono mitatu juu.

"Dokta, hata wewe?"

"Mmea niliukagua, Sindano. Mama mkwe simuwezi."

Pikipiki ikasimama. Mama Ikirezi akashuka, kofia ngumu bado kichwani, macho moja kwa moja kwenye chungu. Mutsinzi akakinyanyua kwa mikono miwili.

"Karibu, mama. Nisamehe. Prinsesi yako imeniharibikia mikononi."

Mama akageuza jani moja, akageuza la pili, kisha akamvuta Mutsinzi kando. Benchi zima likainama upande huo.

"Umekubali kosa mbele ya watu?"

"Ndiyo, mama."

"Bila kulazimishwa?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri sana." Akashusha sauti. "Nilinunua sita. Tano niliziweka kanisani, nikawaapia kina mama wa kwaya ni Prinsesi halisi. Zote zimegeuka kijani, wananipigia simu mpaka Kampala. Kesho baada ya ibada utasimama useme wewe ndiye ulikuwa unazimwagilia."

"Na harusi, mama?"

"Ukiongea vizuri kesho, jioni tunapanga tarehe."

Mutsinzi akakung'uta koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote.

"Sasa mama, hizo tano nilikuwa nazimwagilia siku gani? Nisije nikatofautiana na wewe."